Kuwazoeza Kuku Wachanga Kulala Bandani

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni waalimu, na waalimu wengi hufuga kuku. Mshahara wa mwalimu wajulikana, na mayai mawili matatu asubuhi si kitu cha kudharauliwa. Kwa hiyo hatuoni haya kuandika juu ya jambo dogo kama hili, yaani namna ya kuwazoeza kuku wachanga waingie bandani wenyewe jua likichwa. Tena twaandika kwa sababu jambo hili lilitutia hasara, na baada ya hasara likatupa fundisho ambalo sisi hatukulitafuta.

Wazee wetu walifuga kuku siku zote wala hawakuwa na haja ya kuandikiwa lo lote. Kuku huatamia siku 21, mayai yakaanguliwa, kisha hutoka na watoto wake akawapeleka jalalani kuparura, na jioni huwarudisha nyumbani. Vifaranga humfuata mama yao. Aingiapo huingia, alalapo hulala chini ya mabawa yake. Hapana mtu afundishaye, maana mama amekwisha kufundisha. Na kuku aliyenunuliwa, au aliyeletwa zawadi kutoka mji mwingine, huyo alifungwa kamba mguuni siku kadha wa kadha mpaka apazoee mahali. Ndipo wazee wakasema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo twaliisikia tangu utoto wetu, na darasani tumewaeleza watoto maana yake mara nyingi. Lakini tulipopata kuku wageni wa kwetu wenyewe, hatukuikumbuka.

Habari yenyewe ni hii. Shule yetu iko Bonde, chini ya milima ya Usambara, nayo ina bweni la wanafunzi watokao vijiji vya mbali. Tulikusudia kufuga kuku wa shule, ili wanafunzi wajifunze kazi ya ufugaji, na mayai yakiuzwa fedha zake zinunue mablanketi ya bweni. Kwa maana mwezi wa Juni na wa Julai ubaridi wa milimani huteremka usiku, na watoto hujikunyata. Basi tulinunua vifaranga 30 wa siku moja. Kwa kuwa hawakuwa na mama, tuliwalea ghalani, ndani ya duara la mikeka iliyosimamishwa, na jiko la makaa katikati, madirisha yakiwa wazi ili moshi utoke. Tukawapa chakula na maji, wakakua, wakaota manyoya. Walipotimiza wiki 6 tuliona hawana haja ya moto tena, na ghala limekuwa dogo kwao. Tukaazimu kuwahamisha.

Banda lao lilikuwa jipya, nasi tulijivuna kwa ajili yake. Lilisimama juu ya nguzo 4, ili maji ya mvua yasiingie, na chini ya kila nguzo tulimwaga majivu kwa sababu ya siafu, maana siafu wakiingia usiku katika banda lililofungwa huwaua kuku bila ya kuwaachia njia ya kukimbilia. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la makuti, mlango wa mbao, na ubao wa kupandia mlangoni. Ndani tuliweka mti mmoja wa kulalia, toka ukuta mpaka ukuta. Asubuhi tuliwachukua vifaranga wetu katika matenga, tukawaachilia mbele ya banda, tukaenda zetu darasani, tukidhani ya kuwa jioni wataingia. Kwa nini wasiingie? Banda ni zuri, nalo ni lao.

Jioni ilipofika hakuingia hata mmoja. Wengine walirudi ghalani, wakasongamana mbele ya mlango uliofungwa, wakalia. Wengine walijificha kichakani, na wengine walijaribu kuurukia mlimau ulio nyuma ya jiko la shule. Tukaita wanafunzi, wakaja kama 20, na fimbo na matawi mikononi, tukawazunguka vifaranga tuwaelekeze bandani. Nao wakatawanyika kama mtama uliomwagika. Huku kwetu jua huchwa kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, na likisha kuchwa giza halikawii. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumeshika 19, tukawatia ndani kwa nguvu na kufunga mlango. Waliosalia 11 tulisema, na walale nje usiku mmoja, kesho watatafuta banda wenyewe.

Usiku tulisikia ukelele, mara moja tu. Asubuhi tulikuta manyoya chini ya mlimau, na vifaranga 4 hawapo. Kicheche alikuwa amepita.

Siku ya pili tulifanya vile vile, ila fimbo zilikuwa nyingi zaidi. Hapo ndipo tulipoona jambo la kusikitisha. Vifaranga hawa walikuwa wakitukimbilia kila walipotuona, kwa kuwa sisi ndio tuliowalisha. Sasa wakituona tu hukimbia. Sisi na banda tulikuwa tumegeuka kitu kimoja machoni pao, kitu cha kuogopwa.

Tulipokuwa katika mbio zile, bibi mmoja jirani yetu alipita na mzigo wa kuni kichwani. Tukamwamkia, “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mwafanyani?”

“Twawafundisha kuku kuingia bandani.”

Akautua mzigo wake, akatutazama. “Mwalimu, na hao watoto wa shule wawafundisha kusoma kwa kuwakimbiza uwanjani?” Wanafunzi wakacheka, nasi tukacheka kidogo. Kisha akasema, “Kuku haingii nyumba asiyoijua. Nyumba ya hawa ni ghala. Wewe umewahamisha, lakini wao hawajahama.”

“Sasa tufanyeje, bibi?”

“Wafungie mle mle, siku tano au sita. Wale mle, wanywe mle, walione jua likitoka na likichwa nao wamo ndani. Hiyo ndiyo kamba yao ya mguu. Na fimbo zenu zitieni mekoni.”

Tukafanya kama alivyotuagiza. Usiku ule, giza lilipokaza, tuliwaokota mmoja mmoja kwa mkono, maana kuku haoni vema gizani wala hakimbii, naye hushikwa bila ya kelele. Tukawafungia siku 6. Tulitoboa madirisha madogo mawili na kuyaziba kwa waya, ili wapate hewa na mwanga. Kila jioni tuligonga kopo la bati kwa kijiti, kisha tukawapa chenga za mahindi, mpaka wakajua ya kuwa mlio ule na chakula ni jamaa. Siku ya 7 tuliwafungulia saa 11 jioni, si asubuhi, nao walikuwa na njaa. Hawakwenda mbali. Jua lilipoanza kuteremka tuligonga kopo, tukamwaga chenga ndani, tukatundika kandili ndani ya banda, mbali na makuti na mahali wasipoweza kuifikia. Kwa maana kuku hachukii banda tu, huchukia kuingia mahali penye giza kuliko nje. Wakaingia. Walipotulia tukaiondoa taa. Siku zilizofuata tuliwafungulia mapema zaidi kidogo kidogo, na baada ya wiki mbili tukaacha kutundika taa.

Yafaa msomaji ajue kwa nini kuku hufanya hivi, asije akadhani ni upumbavu. Asili ya kuku wetu wote ni kuku wa mwituni wa Bara Hindi na nchi za kusini-mashariki ya Asia, na ndege hao hulala juu ya matawi, mbali na wanyama watambaao chini. Kifaranga wetu aliyeurukia mlimau hakuasi. Alifuata desturi ya babu zake. Banda si desturi yake, ni desturi yetu. Basi aliye na haja ya kuibadili desturi ya mwenziwe, yeye ndiye apasiwaye kuvumilia.

Tulidhani kazi imekwisha. Lakini kati ya kuku 26 waliosalia, 21 waliingia kila jioni, na 5 hawakuingia. Hao 5 walikuwa ndio wadogo kuliko wote. Kila siku walipanda ule ubao hata mlangoni, wakatazama ndani, wakarudi, wakaenda mlimauni. Kila usiku tulikwenda na kurunzi tukawaokota mtini na kuwatia bandani, na kesho yake mambo yakawa yale yale. Wiki mbili zikapita. Tukasema, hawa ni wakaidi.

Katika wanafunzi waliotusaidia kuwaokota alikuwako mtoto mmoja wa darasa la nne, mgeni wa muhula ule, atokaye kijiji cha mbali. Mkono wake ulikuwa mpole. Kuku hakupiga kelele akishikwa naye. Lakini yeye naye alikuwa na kosa lake. Kengele ya kulala ikilia, hakuonekana bwenini. Mara mbili kiranja alimkuta amejilaza barazani pa darasa, naye akaletwa kwetu. Tulimwuliza sababu, asijibu. Tukamwadhibu kufyeka majani nyuma ya jiko, mara ya kwanza siku moja, mara ya pili siku tatu. Tuliandika katika daftari letu kwamba mtoto huyu ni mkaidi. Neno letu lilikuwa lile lile.

Usiku mmoja, alipokuwa amemshika kuku wa tano kifuani, tulimwambia, “Hawa wamezidi ukaidi.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Si wakaidi, Mwalimu. Hawana pahali.”

“Pahali pa tele mle ndani.”

“Mwalimu hajaangalia ndani jua linapokuchwa.”

Ni kweli, hatukuwa tumeangalia. Sisi tuliangalia mchana, banda likiwa tupu. Na usiku, kuku wakiwa wamelala. Kesho yake saa 12 tulikwenda tukachungulia dirishani. Tukaona mapora wakubwa wameingia kwanza na kushika ule mti wa kulalia upande wa mlangoni. Kila kuku mdogo aliyetia kichwa ndani alidonolewa utosini. Alirudi nyuma, akajaribu tena, akadonolewa tena, kisha akaenda zake. Wale 5 hawakuukataa mlango, walikataliwa mlangoni.

Na jambo hilo tulikuwa tumelisoma zamani! Mtaalamu mmoja wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika mwaka 1922 habari za kuku aliowachungua, akaonyesha ya kuwa kila kundi la kuku lina daraja zake: wa kwanza huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote ila wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho, ambaye hudonolewa na kila mmoja wala yeye hana wa kumdonoa. Sisi tulilisoma jambo hilo kitabuni, tukalifurahia, tukafunga kitabu.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tuliongeza miti miwili ya kulalia upande wa ndani, yote kwa urefu mmoja toka chini, maana ukiupandisha mmoja kuliko mingine wote huugombea huo. Tukapima, kila kuku apate kiasi cha shubiri moja. Tena tulitoboa mlango wa pili upande mwingine, ili mkubwa mmoja asiweze kuilinda milango yote. Jioni ya tatu waliingia 3 katika wale 5. Wiki haijaisha wakaingia wote.

Lakini maneno ya yule mtoto hayakututoka moyoni. Mtu hasemi “Mwalimu hajaangalia ndani” kwa ajili ya kuku peke yake. Usiku mmoja, bila ya kumpa mtu habari, tulisimama gizani karibu na dirisha la bweni, wakati kengele ya kulala inalia. Kitanda cha mtoto yule kilikuwa cha kwanza mlangoni. Vijana wawili wakubwa walikuwa wamekikalia wakizungumza, na mmoja wao amejifunika blanketi lake. Mtoto akafika mlangoni, akatazama ndani. Mmoja akanyosha mguu, akamsukuma. Wenzake hawakugeuka hata kutazama, kama watu waliokwisha kuzoea. Naye akarudi, akaelekea barazani pa darasa.

Hatutaeleza mengi. Vijana wale walipewa haki yao, na vitanda vikapangwa upya: wageni katikati, na kando ya kila mgeni kijana mkubwa mwenye tabia njema. Tukamwita mtoto, tukamwambia, “Tulikuadhibu nawe huna kosa. Tumekukosea.” Akainama, akasema, “Haidhuru, Mwalimu.” Jambo hilo lilituuma kuliko kama angalinung’unika. Majani aliyoyafyeka siku nne hayawezi kufyekuliwa, kama vile wale vifaranga 4 wasivyoweza kurudi kutoka kwa kicheche. Neno tuliloliandika katika daftari tulilifuta, tukaandika chini yake kwamba kosa lilikuwa letu.

Baada ya miezi michache kuku waliukataa mlango mara nyingine, safari hii wote pamoja. Walisimama nje mpaka giza, na waliotiwa ndani walitapatapa usiku kucha. Lakini sasa hatukusema habari za ukaidi. Tulingoja usiku, tukaingia na kurunzi, tukapitisha kidole chini ya miti ya kulalia. Kidole kilitoka kimejaa utitiri. Wadudu hao hujificha mchana katika nyufa na katika maungo ya miti, hata banda likaonekana safi, na usiku hutoka wakanyonya damu. Basi tulitoa miti yote, tukaimwagia maji ya moto, tukazipaka nyufa za kuta udongo na chokaa, tukateketeza takataka zote za sakafuni, tukarudia kazi hiyo baada ya wiki moja. Kuku wakarudi wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zetu waalimu, mkitaka kuwazoeza kuku wachanga, fanyeni hivi. Wafungieni bandani siku 5 au 6 kwanza. Siku ya kuwafungulia, wafungulieni jioni, wakiwa na njaa, na chakula kiwe ndani. Mkiwa na mtetea mmoja mtulivu aliyekwisha kulizoea banda, wawekeni pamoja naye. Atawatangulia, nao watamfuata. Wachelewao waokoteni kwa mkono gizani, wala msiwakimbize. Na wakikataa, ingieni ndani kwanza, saa ile ile wanayokataa, mkatazame. Faida yake si kuwaepusha na kicheche tu. Kuku walalao bandani hushikwa bila ya taabu alfajiri, kila baada ya miezi 3, watiwe lile tone la chanjo ya mdondo jichoni. Na kuku walalao mitini hukosa chanjo, na mdondo ukija huwamaliza katika siku chache.

Bwana wetu alipousikitikia mji wa Yerusalemu hakujifananisha na mtu mwenye fimbo, bali na kuku na watoto wake. Tulikuwa tumelifundisha neno hilo miaka mingi kabla ya kufuga.

Matembe wetu sasa wataga, na mablanketi ya kwanza 6 yamekwisha kununuliwa. Kila jioni twaenda bandani, na mtoto yule hufuatana nasi, maana yeye ndiye mwenye kuhesabu. Hesabu ikitimia twafunga milango yote miwili, kisha twapita bwenini, tukaingia ndani.